Upande wa Pili wa Mahubiri ya Baba

Sina subira. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu siku hiyo sijajifunza kungoja. Kwa hiyo kazi niliyopata katika ofisi ya wakili mmoja mjini ilikuwa adhabu tupu. Mafaili ya kesi za zamani yalipitishwa kwenye skana yakawa picha ndani ya kompyuta, na mimi nilitakiwa kuzigeuza picha hizo ziwe maandishi, ili wakili akitafuta jina la shahidi aliandike tu na lijitokeze. Fungua ukurasa. Bonyeza usomwe. Ngoja. Hifadhi. Upe jina. Fungua mwingine. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimeshaitukana ile kompyuta kwa lugha tatu, na matusi ya Kikamba ndiyo yaliyokuwa mazito zaidi.

Hasira ndiyo iliyonifundisha kuandika skripti. Watu wakisikia neno hilo hudhani ni uchawi, lakini ni mistari ya maagizo tu unayoiandikia kompyuta, nayo inaifuata bila kununa: chukua picha hii, soma herufi zake, andika maneno kwenye faili, lipe faili jina, liweke pale, rudi uchukue nyingine mpaka folda iishe. Nilijifunza mtandaoni nikiwa chumbani kwangu mtaani Kware, nikikosea na kufuta na kukosea upya. Siku ilipokubali, niliiburuta folda nzima ya kesi ya shamba, nikaidondosha juu ya kialama cha skripti yangu, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Mwenzangu wa meza ya pili aliitazama skrini, akanitazama na mimi.

"Siste, hii kitu yako itafanya tufutwe kazi sisi wote."

Nikamwambia anywe chai na yeye, maana muda tunao.

Kama ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nikifanya jambo zuri lazima nijipige kifua, na Jumapili iliyofuata nilikwenda kujipigia kifua nyumbani kwa wazazi wangu, mtaa wa Dandora.

Baba alikuwa karani wa kampuni ya malori maisha yake yote ya kazi. Siku za kazi alipiga taipureta barua na matangazo ya madereva. Jumapili alihubiri katika kanisa letu la mabati, na mahubiri nayo aliyapiga taipureta, kila neno, hadi pale pa kukohoa. Hakuwahi kuhubiri kutoka kichwani. Alisema neno lisilo kwenye karatasi ni porojo, na porojo ina watu wake. Sasa macho yake yalikuwa yakimwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda kimekwenda, tulinde kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli. Tuliojua hayo tulikuwa mama na mimi, na tulikuwa tumekatazwa kufungua kinywa.

Sababu yake ilikuwa moja. Katika kanisa letu, mhubiri asiyeweza tena kusoma "hupumzishwa kwa heshima." Anaitwa mbele, anaombewa, anapewa blanketi na saa ya ukutani, halafu anawekwa kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, karibu na mlango, na mimbari haikanyagi tena. Baba alikuwa ameona rafiki yake akipumzishwa hivyo. Rafiki yule alikaa kwenye kile kiti akipunga hewa na kijitabu cha nyimbo, na hakuna aliyemuuliza tena jambo lolote la maana.

"Blanketi nitajifunika," baba aliniambia. "Hiyo saa nitaiangalia na nini?"

Kwa miezi kadhaa alikuwa amekwepa zamu yake. Mara kikohozi, mara goti, mara amwachie kijana fulani naye ajaribu. Sasa visingizio vilikuwa vimekwisha. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakuja, na kila mwaka mhubiri wa siku hiyo ni yeye. Akikosa, wazee wa kanisa watakuja nyumbani kumjulia hali, na wakimkuta anapapasa ukuta kutafuta kiti chake mwenyewe, saa ya ukutani itanunuliwa wiki hiyo hiyo.

Ndipo nikaropoka. "Baba, nipe hayo mahubiri yako. Nitayapitisha kwa skana, skripti yangu iyasome yote, halafu simu ikunong'oneze sikioni. Wewe kazi yako ni kutamka."

Alifikiri. Baba hufikiri kwa kugonga goti na vidole, kama anayepiga chapa. "Inanong'ona kwa sauti ya nani?"

"Kwa Kiswahili kuna ya mwanamke peke yake."

"Mwanamke aniambie mimi la kusema mimbarini?"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Kwani hapa nyumbani huwa unaambiwa na nani?"

Baba akaacha kugonga goti. "Mwaitu," akaniita, maana nimepewa jina la mama yake na kwa Kikamba hilo ndilo neno la kumwita mama, "kalete lile sanduku."

Sanduku lilikuwa la bati, na lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya magunia na jiko bovu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukalia. Ndani mlikuwa na mahubiri ya miaka nenda rudi, yamefungwa kwa utepe mwekundu wa ofisini, kila moja peke yake. Nikaona karatasi nyingi zimepigwa chapa pande zote mbili. Moyoni nikasema, mzee huyu kwa kubana matumizi hana mpinzani.

Wakili aliniruhusu kutumia skana ya ofisi Jumamosi mchana. Ni mashine nzuri ile. Unaipangia karatasi kwenye trei, inazimeza yenyewe moja moja na kusoma mbele na nyuma kwa mkupuo, kwa kuwa mafaili ya mahakama huwa hivyo. Nilitoa tepe, nikaipa rundo la kwanza, nikaiachia skripti. Nilipofungua faili nikacheka mpaka nikakaa chini. Programu ilikuwa imezoea Kiingereza cha mawakili, na kila ilipokuta neno Bwana ilifikiri baba amekosea, ikamsaidia kwa kuandika "banana." Kurasa nzima za baba yangu zikimsifu ndizi. Ndizi ni mwema. Mngojeni ndizi. Ndizi awe nanyi nyote.

Nikaiongezea Kiswahili, nikaiongezea na mstari wa kurekebisha herufi ya e, ambayo kwenye taipureta ya baba ilikuwa imejaa wino na kufanana na o. Nikairudisha kazini. Safari hii ndizi zilitoweka. Nilifungua mwanzo wa mahubiri kadhaa nikakuta maneno yamenyooka kabisa, nikafunga kompyuta. Ningefungua na katikati. Lakini nimeshasema sina subira, na stima ilikuwa inawaka na kuzima.

Tulifanya mazoezi sebuleni, mapazia yamefungwa, baba amesimama nyuma ya kiti cha mezani kama mimbari, kidude kidogo kisicho na waya kimejificha kwenye sikio lake la kushoto. Mara ya kwanza sauti ile ilimwagika kama maji ya mfereji uliokatika, naye akabaki anaikimbiza.

"Huyu mama hapumui!" alilalamika.

Nikairekebisha skripti iyakate maneno sentensi kwa sentensi. Nikigusa simu, sentensi moja inasomwa, kisha kimya. Baba anaitamka, nagusa tena. Hapo ikawa raha. Sauti ikisema kwa ubaridi wake, baba anaipokea na kuitoa ikiwa na moto, mkono hewani, na ungeapa maneno yanatoka tumboni mwake. Tulimaliza ukurasa wa kwanza, akanisimamisha.

"Yatosha. Chai ya kupasha haina ladha. Mengine watayasikia kanisani."

"Baba, tumalize tu."

"Mwaitu, haya niliyaandika mimi. Yananijua."

Mama alikuwa akichambua maharagwe. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, kama anayeyaambia maharagwe.

"Sifichi," baba akajibu. "Napanga."

Jumapili ya mavuno kwetu ni sikukuu yenye kichekesho chake, maana hakuna mwenye shamba. Mavuno yetu huvunwa sokoni Jumamosi. Watu hubeba mahindi, maboga, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, wanaviweka mbele ya mimbari, na baada ya ibada vinanadiwa na kurudi kwenye nyumba zile zile vilikotoka. Asubuhi hiyo kuku walikuwa wengi, na walikuwa na maoni. Juu ya bati korongo, wale ndege wakubwa wa jalala la Dandora, walitembea kwa kishindo, na upepo ulipogeuka na kuleta harufu ya jalala, mashemasi wakafunga madirisha bila kuambiwa.

Nilimshika baba mkono mpaka mimbarini kwa kisingizio cha kumbebea Biblia. Nikaketi benchi la mbele, simu ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nilikuwa nimejigamba sana, na sasa heshima yote ya mzee yule ilikuwa chini ya kidole gumba changu.

Nikagusa. Akaanza.

Lo, alihubiri! Mada ilikuwa mtumishi anayemngoja bwana wake arudi safari. Ukurasa wa kwanza ulipita, kanisa likaitikia amina zake zote. Wa pili ukapita. Mchungaji wetu, kijana ambaye hata ubatizo wake baba aliushuhudia, alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Nikaanza kutulia. Nikaanza hata kufikiria nitakavyomsimulia yule wa meza ya pili.

"Je, bwana huyo akirudi leo," baba alinguruma, "atakukuta unafanya nini?"

Nikagusa. Sentensi ikatokea kwenye skrini wakati ule ule ilipoingia sikioni mwake. Iliandikwa: Kwa madereva wote.

"Kwa madereva wote!" baba akasema.

Kuna jambo ambalo sikulijua nilipokuwa naipangia ile mashine karatasi, nami nililielewa pale pale benchini, nikiwa nimechelewa. Karatasi safi zilikuwa mali ya kampuni, na baba yangu haibi. Ukurasa wa kwanza wa kila mahubiri aliupiga kwenye karatasi aliyoinunua kwa mfuko wake, kwa heshima ya siku. Kurasa nyingine zote alizipiga nyuma ya matangazo ya madereva yaliyopitwa na wakati, ambayo yangetupwa, baada ya kuomba ruhusa ayachukue. Taipureta ile ile, wino ule ule, karani yule yule. Skana ilisoma pande mbili, na skripti yangu, tiifu kuliko mimi, ikaziunganisha kwa zamu: mahubiri, tangazo, mahubiri, tangazo.

Kidole kiligusa tena chenyewe. Nisipogusa angebaki amesimama kimya, na kimya kingemfichua.

"Imebainika kwamba baadhi yenu mnasafirisha kuku katika magari yasiyo yenu!"

Kanisa likasita kidogo. Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Sema, baba!"

Nilidhani atashtuka. Lakini karani akisomewa huandika kwanza na kuelewa baadaye, na baba alisomewa maisha yake yote. Alikuwa amekolea. Jasho linamtoka, mkono uko juu, sentensi inaingia sikio moja na kutokea mdomoni kabla haijapita akilini.

"Tabia hii ikome mara moja!"

"Amina!"

"Kuku atakayepatikana langoni atabaki kwa askari, na mwenyewe atajieleza!"

"Amina!" Watu wakawatazama kuku pale mbele. Mzee mmoja aliyekuwa ameleta jogoo akainamisha kichwa, na mpaka leo sijui dhamiri ilimwambia nini. Mchungaji alikuwa anaandika kwenye daftari lake.

Nikatelezesha kidole ili niruke mbele, nikitafuta mahali mahubiri yanaporudi, lakini kwa haraka zangu nikaangukia katikati ya tangazo lile lile. Sauti ikasoma. Baba hakusema kitu. Mkono wake ukashuka polepole. Nikafikiri kidude kimetoka sikioni, na kwa akili yangu ya siku hiyo nikagusa sauti isome tena.

Baba akalisema. Lakini hakunguruma. Alilisema kwa sauti yake ya nyumbani, ya kuomba apitishiwe chumvi.

"Pili. Dereva ambaye macho yake yamepungua nguvu amwambie karani mapema, asione haya. Hatafukuzwa. Atatafutiwa kazi nyingine hapa hapa yadini."

Watu wakangoja. Hata amina haikuja, maana sauti ile haikuomba amina. Sikugusa tena. Nililiona tangazo hilo lote kwenye skrini, na mwisho wake jina la baba na neno karani, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze na simu yangu.

"Haya si mahubiri," baba akasema. Alishika kingo za mimbari. "Hii ni memo. Niliipiga mimi mwenyewe, kwa ajili ya dereva mmoja aliyeogopa kuja kuniambia. Alikuja. Tukampa stoo ya matairi, na alikaa hapo mpaka akastaafu."

Kuku mmoja alilia. Hakuna aliyecheka.

"Huyo karani ni mimi," akasema. "Na mimi sioni. Sijaona karatasi tangu mvua za mwaka jana. Hapa sikioni kuna kidude, na binti yangu yuko hapo mbele ananisomea kwa simu. Msimlaumu. Ni mimi niliyeogopa kiti."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na hata kitambaa. Korongo walitembea tu huko juu. Nikageuka nimtafute mama kwenye mabenchi ya wanawake. Alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, na wala hakuonekana kushangaa.

"Tunajua, mzee," mama akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Endelea."

"Tunajua, baba," mchungaji akasema.

"Tunajua," likasema benchi la wazee, na la vijana, na la kwaya, kila moja kwa wakati wake.

Ndipo macho yangu mimi ninayeona yakafunguka. Wale mashemasi waliokuwa wakimsalimu baba mlangoni siku hizi walianza kwa kutaja majina yao wenyewe, na mimi nikadhani ni adabu mpya. Ngazi ya mimbari ilikuwa imepakwa rangi nyeupe ya kuwaka, na hakuna kitu kingine chochote kanisani kilichopakwa rangi. Maiki hakuachiwa aitafute. Mtu aliiweka mkononi mwake. Kanisa zima lilikuwa limemficha baba siri yake ili asijue kwamba wanaijua, na hakuna hata mmoja aliyenunua saa.

Baba alisimama pale akitikisa kichwa taratibu, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani vyote viwili. Akakitoa kile kidude sikioni. Alikishika kidogo kisha akakitia mfukoni mwa koti, akakohoa kile kikohozi chake cha kuanza.

"Haya," akasema. "Nilikuwa nimefika wapi?"

Kanisa zima likamjibu kwa pamoja:

"Kwa madereva!"

"Naam. Kwa madereva," akasema baba, akaendelea kutoka hapo kwa kichwa chake mwenyewe, nami nikazima simu, maana sikuwa na kazi tena.